Mshika mbili wa chuo kidogo: tatizo sio hela, ni kalenda

Tangu Juni 2025 magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Marekani hayajatulia. Kila baada ya siku chache kuna mtu anatupia ile habari kwamba vyuo sasa vimeruhusiwa kulipa wachezaji wake, alafu chini yake kuna mzazi anauliza: mwanangu anacheza soka na anakimbia pia, kuna chuo kidogo kinamtaka kwa yote mawili, je tumwambie aachane na kimoja akomae na kingine ili na yeye apate mgao? Swali ni la haki kabisa, mimi mwenyewe ningekuwa na mtoto wa umri huo ningeuliza, ila limejengwa juu ya habari iliyosomwa nusu, na bahati mbaya majibu yanayotolewa nayo ni ya nusu, huyu anasema zama za michezo ya vyuo zimekwisha, yule anasema mtoto achague mchezo mmoja haraka kabla treni halijaondoka.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni tusizungushane. Yale makubaliano ya mahakamani yaliyoruhusu malipo hayo hayampi chochote kijana wa chuo kidogo, hela ile haitamfikia, na kucheza michezo miwili kwenye chuo cha namna hiyo bado ni moja ya mambo ya akili anayoweza kufanya mtu wa miaka 19. Kinachomtishia ni kalenda. Misimu inarefuka, mazoezi yanayoitwa ya hiari yanaongezeka, na chuo chenyewe kikipiga hesabu za ada kinaanza kuona afadhali vijana wawili wa mchezo mmoja mmoja kuliko kijana mmoja wa michezo miwili. Hilo ndilo la kujadili, na ndilo silioni likijadiliwa.

Twende taratibu kwenye historia kidogo. Kesi yenyewe inaitwa House, kwa jina la Grant House, aliyekuwa mwogeleaji wa chuo cha Arizona State, aliyeishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano tarehe 6 Juni 2025, ndani yake kuna fidia ya kama dola bilioni 2.8 itakayolipwa kwa miaka 10 kwa wachezaji waliocheza kuanzia 2016, na kuanzia 1 Julai 2025 chuo kilichokubali kuingia kwenye mpango kinaweza kugawia wachezaji wake moja kwa moja mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka huo wa kwanza. Hapo ndipo watu wengi wanaishia kusoma. Kinachofuata ni kwamba mgao huo ni wa Division I, daraja la juu la NCAA, na hata humo vyuo vyenye uwezo wa kufikia kiwango hicho ni vile vyenye viwanja vikubwa na mikataba minono ya televisheni. Daraja la tatu, Division III, ni dunia nyingine kabisa. NCAA iligawanywa madaraja matatu mwaka 1973, na hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote kwa idadi, vyuo zaidi ya 400 na wachezaji karibu laki mbili, na sheria yake kuu ni fupi tu, hakuna skolashipu ya michezo. Hakuna hata senti. Mchezaji anapata msaada kama mwanafunzi mwingine yeyote, kwa alama zake za darasani au kwa hali ya kifedha ya familia, na kocha haruhusiwi kutia mkono kwenye ofisi inayopanga msaada huo.

Ni kweli tangu 1 Julai 2021 wachezaji wa madaraja yote wanaweza kupata hela kwa jina na sura zao, kwahiyo hata kipa wa chuo cha wanafunzi 1,200 huko Ohio anaweza kutangaza duka la piza akalipwa. Sawa. Lakini hiyo ni hela ya vocha na mafuta ya gari, usiijengee nyumba. Alafu kama kijana amekuja kwa visa ya mwanafunzi, ile ya F-1, kama walivyo wengi wanaotoka Nairobi, Arusha au Kampala, hata hiyo ya piza ni ya kuigusa kwa tahadhari kubwa, maana kazi anayoruhusiwa bila shida ni ile ya ndani ya chuo na isizidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, ukienda nje ya hapo bila kibali unachezea kukaa kwako nchini. Watoto wa Kikongo waliokuja na familia zao kama wakimbizi, ambao sasa wamejaa kwenye timu za soka za sekondari kuanzia Iowa mpaka Maine, wao hawana kizuizi hicho, ila nao soko la kumlipa beki wa kulia wa Division III hawatalikuta.

Sasa huyu wa michezo miwili anaishije? Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja kidogo cha Pennsylvania, nitamtaja hapa mara moja na baadaye mwishoni, basi. Anacheza soka vuli na anakimbia mita 400 na 800 kuanzia Disemba mpaka Mei. Nilimtembelea Novemba mwaka juzi, kwenye kona ya chumba chake kulikuwa na mfuko wa rambo wenye njumu bado zina tope la mechi ya mwisho na majani yamekaukia kwenye meno, na pembeni yake boksi jipya la spaiki halijafunguliwa. Mlangoni kabandika karatasi moja yenye rangi mbili, bluu ya kocha wa soka, nyekundu ya kocha wa riadha, na katikati siku kumi na mbili nyeupe hazina kitu. Nikamuuliza hizi nyeupe ni nini mjomba, akacheka, akasema hizo walikubaliana wao wenyewe wale makocha wawili wakiwa kwenye foleni ya chakula kantini. Ile karatasi naikumbuka kuliko mechi yenyewe niliyoenda kuangalia, maana mfumo mzima wa mshika mbili wa chuo kidogo unasimama hapo. Hakuna kanuni iliyozitoa zile siku kumi na mbili, ni watu wawili wanaojuana walioamua tu.

Hapa niseme jambo ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunalisahau. Mchezaji wa michezo mingi wa vyuo vya Marekani tumeshamtoa sisi wenyewe, tena zamani. NCAA inahesabu mbio za nyika, riadha ya ukumbini na riadha ya uwanja wa wazi kama michezo mitatu tofauti, kila mmoja na ubingwa wake. Suleiman Nyambui wa kwetu Tanzania alipokuwa Texas El Paso alibeba ubingwa wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na mwaka 1980 peke yake akachukua fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow na miezi michache baadaye ubingwa wa mbio za nyika wa NCAA. Kwa karatasi za chuo huyo ni mtu wa michezo mitatu. Henry Rono wa Kenya pale Washington State vivyo hivyo, bingwa wa nyika mara tatu, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Najua utasema mbio ni mbio tu, na ni kweli sio sawa na kutoka soka kwenda riadha, ila mantiki ya mwili na ya kalenda ni ile ile, msimu mmoja unakufa, mwingine unazaliwa, mtu yule yule anavaa viatu vingine. Na hao walikuwa vyuo vikubwa vyenye skolashipu. Mike Boit, yule wa bronzi ya mita 800 Munich 1972, alipitia Eastern New Mexico, chuo cha mji mdogo ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani, na akaishia kuwa profesa Kenyatta University. Udogo wa chuo haukumpunguza.

Tuje kwenye hoja za wanaopinga, maana zipo na sio zote za kudharau. Nzito kuliko zote ni ya darasani. Division I na II zina kikomo cha saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki wakati wa msimu. Division III haina kikomo hicho cha saa, ina siku moja ya lazima ya kupumzika kila wiki na mengine yameachiwa busara ya chuo, na busara ya watu tunaijua. Mwenye mchezo mmoja ana nusu mwaka wa kuvuta pumzi, akafidia maabara ya kemia, akachukua lile somo gumu linalofundishwa jioni. Mwenye michezo miwili hana nusu hiyo. Na kuna kozi ambazo kwa kweli hazipatani na maisha haya, mtu anayesoma unesi akifika hatua ya kwenda wodini saa 12 asubuhi, au mwalimu mtarajiwa aliye kwenye mazoezi ya kufundisha muhula mzima, huyo ukimwambia aongeze msimu wa pili unamtafutia balaa. Hoja hii naikubali na sina jibu la kuifuta. Nachoweza kusema ni kwamba jibu lake ni la mtu mmoja mmoja, kozi kwa kozi, mwaka kwa mwaka, na wengi wanaojua maisha yao wanacheza miwili miaka miwili ya mwanzo alafu wanaacha mmoja mwaka wa tatu bila maombolezo.

Ya pili ni ya majeraha, na hii inakata pande zote mbili. Wanaotetea michezo miwili wanapenda kunukuu ile ripoti ya mwaka 2016 ya madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, inayoshauri mtoto asibobee kwenye mchezo mmoja mpaka afike kama miaka 15 au 16, na kwamba kila mwaka apumzike mchezo wake angalau miezi mitatu kwa jumla. Ni ushauri mzuri, lakini tuwe wakweli, unahusu watoto na vijana wadogo, haukuandikwa kwa ajili ya mtu wa miaka 20 mwenye kilo 82. Ukiuchukua ukaubandika chuoni unadanganya. Upande wa chuo hoja ni nyingine, ni ya mzigo. Goti la mcheza soka limechoka kwa kugeuka ghafla na kugongwa, kumbe mbio za duara zinamchosha kwingine, msuli wa nyuma ya paja na mfupa wa mguu chini ya goti, kwahiyo kubadilisha kunaweza kuwa pumziko la kweli kwa sehemu fulani ya mwili. Ila kunakuwa pumziko kama tu katikati kuna siku nyeupe. Ukitoa mechi ya mwisho ya soka Jumamosi ukampeleka mtu kwenye mbio za mita 200 za kurudiarudia Jumatatu, hapo umemuongezea mzigo juu ya mzigo, na huyo akichanika msuli usimlaumu kwa kucheza michezo miwili, mlaumu aliyepanga wiki ile.

Sasa ile hoja dhaifu, ambayo ndiyo inayopigiwa kelele zaidi kwenye magrupu. Mshika mbili moja humponyoka. Mtaka yote hukosa yote. Wazee wetu walijua kusema, sibishani nao, ila methali ile inamhusu mtu anayeshika vitu viwili kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu. Huyu wa kwetu anashika kimoja, anakiweka chini, anaokota cha pili. Mvuvi anayelima shamba la muhogo kipindi cha upepo mkali hatumwiti mshika mbili, tunamwita mtu mwenye akili. Na ukiichimba hoja yao chini zaidi unakuta wanachosema hasa ni kwamba mtoto akibobea kwenye kimoja atafika mbali. Mbali wapi? Ndilo swali ambalo hakuna anayelijibu. Kijana aliyeko Division III, kwa wingi wao mkubwa, hataingia kwenye michezo ya kulipwa, afanye mmoja, miwili au mitano. Wapo waliotoka huko wakafika, Ali Marpet wa chuo cha Hobart alichaguliwa raundi ya pili ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 2015, Duncan Robinson alianzia Williams kabla ya kuhamia Michigan na hatimaye NBA, lakini majina haya tunayajua kwa sababu ni machache. Kubobea kuna maana pale ambapo mwisho wa kubobea kuna kitu kinakusubiri. Kama mwisho wake ni mahafali Mei na kazi ya uhasibu Julai, basi unamnyima kijana msimu wa pili wa maisha yake kwa ajili ya nini? Tena naogopa hata wale wanaojibu kwa mifano ya Bo Jackson na Deion Sanders, waliocheza futiboli na besiboli zote za kulipwa, au Kyler Murray, aliyechaguliwa wa tisa kwenye besiboli 2018 na wa kwanza kwenye NFL 2019. Hao ni maajabu ya Mungu, hawathibitishi chochote kuhusu mtoto wako. Hoja ya michezo miwili chuo kidogo haihitaji mabingwa, inajitosheleza kwa watu wa kawaida.

Basi kama ni jambo zuri hivo, kwanini nasema liko hatarini? Hapa inabidi tuzungumze biashara, na wengi wanaosifia Division III kama pepo ya michezo safi hawapendi sehemu hii. Vyuo vidogo vingi vya Marekani vinaishi kwa ada. Havina akiba kubwa ya uwekezaji, mwanafunzi akipungua mshahara wa mtu unapungua. Watoto waliozaliwa Marekani walifika kilele mwaka 2007, kama milioni 4.3, baada ya hapo wakaanza kupungua, na waliozaliwa 2007 wametimiza miaka 18 mwaka 2025, kwahiyo sasa tunaanza kuteremka. Dawa ambayo vyuo vingi vilishaigundua ni michezo. Adrian College ya Michigan ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, kuanzia 2005 chini ya rais wao Jeffrey Docking waliongeza timu na viwanja, kila kocha akapewa idadi ya wanafunzi wapya anaotakiwa kuwaleta, na chuo kilichokuwa chini ya wanafunzi 1,000 kikakaribia kuwa mara mbili. Wengi wameiga. Leo kuna vyuo ambavyo theluthi ya wanafunzi au zaidi ni wachezaji, na timu ya futiboli ya Kimarekani inaandikisha watu zaidi ya 100 wakati wanaovaa siku ya mechi ya ugenini ni pungufu ya hapo.

Weka sasa mshika mbili kwenye hesabu hiyo. Kijana mmoja anayecheza soka na kukimbia anajaza nafasi mbili lakini analipa ada moja. Kwa kocha wa riadha aliyeambiwa alete watu kumi na tano wapya mwaka huu, huyu aliyeletwa na kocha wa soka hahesabiki kwake. Hakuna anayesema hivi kwa sauti na sidhani hata kama wengi wanalifikiria kwa maneno haya, ila motisha haihitaji kusemwa ili ifanye kazi, kocha atamkaribisha kwa tabasamu, alafu nafasi ya basi ikiwa moja atapewa yule wa kwake. Upande mwingine, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu kidogo, chuo kidogo kabisa kinamhitaji mshika mbili ili timu iwepo. NCAA inataka chuo cha Division III kiwe na michezo isiyopungua mitano ya wanaume na mitano ya wanawake kama wanafunzi wake hawazidi 1,000, na sita sita kama wanazidi. Mbio za nyika zinahesabu wakimbiaji watano wa kwanza, ukiwa na wanne huna timu siku hiyo. Chuo chenye wasichana wanne wa nyika kitamtafuta beki wa soka aliyestaafu msimu uliopita hadi chumbani kwake. Kwahiyo mshika mbili anapendwa pale vikosi ni vyembamba, na anaanza kuwa kero pale vikosi vinapovimba. Na sera ya kuokoa chuo kwa michezo inavivimbisha vikosi.

Wakati mwingine hata dawa haisaidii, na hapo unaona nani alibeba nini. Birmingham-Southern ya Alabama, chuo cha tangu 1856, kilifunga milango tarehe 31 Mei 2024. Siku hiyo timu yao ya besiboli ilikuwa Ohio kwenye fainali za taifa za Division III. Chuo kimekufa, timu bado iko uwanjani. Walicheza mpaka tarehe 2 Juni, wakatolewa na Wisconsin-Whitewater 11 kwa 10 kwa pigo la mwisho la mchezo. Stori ile ilisambaa dunia nzima kama stori ya moyo wa michezo na mimi pia ilinigusa, ila ukiiangalia kwa jicho la mhasibu inasema kitu kingine, kwamba timu inayofika fainali haitoshi kulipa deni la chuo.

Nimesema kalenda, tuimalize. Mtoano wa futiboli wa Division III ulipanuliwa kufika timu 40 mwaka 2024, na fainali ya msimu ule ilichezwa 5 Januari 2025 huko Houston. Kambi inaanza Agosti, fainali Januari. Msimu wa kikapu unaanza Novemba. Zamani kijana mrefu aliyecheza futiboli alikuwa anachelewa kikapu wiki mbili, sasa timu yake ikifanya vizuri anachelewa nusu msimu. Chukua na upande wa masika, wachezaji wa besiboli na lakrosi, ule mpira wa fimbo zenye wavu, wana siku zao chache za mazoezi rasmi wakati wa vuli, ndizo kocha mpya anazotumia kupanga kikosi chake, na siku hizo anayecheza soka yuko kwenye basi anaelekea ugenini. Kisheria hajakosea popote. Ila akirudi Februari anakuta namba yake ina mtu. Juu ya hapo weka mazoezi ya manahodha, gym ya saa 12 asubuhi ambayo eti ni ya hiari na kila mtu anajua nani hakuja. Hakuna kanuni yoyote iliyopiga marufuku michezo miwili, na wala haitatungwa. Inabanwa tu taratibu, wiki hii na wiki ile.

Na hapa ndipo House inaingia kwa mlango wa nyuma, ndio maana nilisema habari imesomwa nusu. Makubaliano yale yaliondoa vikomo vya skolashipu vikaweka vikomo vya ukubwa wa kikosi kwa vyuo vilivyoingia, futiboli 105, besiboli 34, mbio za nyika 17, riadha 45. Waliokuwepo wakati huo walipewa nafuu fulani, lakini wanaokuja nyuma yao hawana nafuu, na wale vijana waliokuwa wanajiunga na timu kubwa bila skolashipu, kwa mapenzi tu, nafasi zao zimekatwa. Wanaenda wapi? Baadhi wanaacha, wengi wanateremka madaraja. Hela haishuki huku chini lakini wachezaji wanashuka, na wanaoshuka ni watu waliobobea tangu wana miaka 10, wana kocha wao binafsi, wana mchezo mmoja. Kocha wa chuo kidogo akiletewa mkimbiaji wa namna hiyo wa 800, mwenye muda wote mwaka mzima, na upande wa pili ana beki wa kushoto anayekuja Disemba amechoka, unadhani atampa nani programu nzuri? Nisingemlaumu. Anaajiriwa na kufukuzwa kama wengine.

Kwahiyo mzazi anayeniuliza mtoto aache mmoja ili apate hela, jibu langu ni hapana, hela haipo, asiache kwa sababu hiyo. Akiniuliza je aende chuo kile kinachomtaka kwa yote mawili, hapo ndio nataka tukae. Neno la kocha mmoja kwamba huku tunaruhusu michezo miwili halina uzito, wote wanaruhusu. Mtoto aombe kuongea na makocha wote wawili kwenye chumba kimoja au simu moja, sio huyu leo na yule kesho, awaulize mwaka jana walikuwa na wangapi waliofanya yote mawili na leo wako wapi, siku kati ya msimu na msimu ni ngapi na nani anazipanga, na ikitokea ratiba zimegongana nani ana haki ya kwanza. Wakianza kutazamana ushapata jibu. Na aulize kocha ana muda gani pale, kwa sababu makubaliano haya yote yanaishi kwenye vichwa vya watu na makocha wasaidizi wa vyuo vidogo wanahama kama ndege wa masika, mshahara mdogo, kazi tatu. Ikiwezekana mtoto aongee na mchezaji mwenyewe anayefanya hivo sasa, bila mtu mzima pembeni.

Kwa vyuo vyenyewe, kama kweli wanaamini yale wanayoandika kwenye vipeperushi vyao kuhusu mwanafunzi kamili, kazi sio ngumu wala haina gharama. Idara ya michezo iandike kwenye karatasi moja kwamba mchezo ulio ndani ya msimu wake una haki ya kwanza, kwamba kati ya misimu kuna siku 10 au 14 ambazo hakuna kocha anayemgusa mchezaji, na kwamba kocha anapohesabiwa wanafunzi aliowaleta, mshika mbili ahesabiwe kwa wote wawili. Hilo la mwisho ndilo nalitilia mkazo kuliko yote. Badilisha namna ya kuhesabu na utashangaa tabasamu za makocha zitakavyokuwa za kweli. Sina matumaini makubwa, maana mkurugenzi anayebanwa na bajeti anataka vichwa na sio karatasi.

Mpwa wangu alinipigia Jumapili iliyopita. Kocha wake wa riadha, yule wa foleni ya kantini, aliondoka Juni, kapata kazi chuo kikubwa zaidi. Kocha mpya ni kijana mzuri tu, ana bidii, katuma kalenda ya mwaka mzima kwa simu za wachezaji wote, imepangwa siku kwa siku na ina rangi moja, na kuanzia wiki ya pili ya Septemba kuna mazoezi ya hiari mara tatu kwa wiki. Nikamuuliza umemjibu nini. Akasema bado mjomba, ile karatasi ya mlangoni hajaibandua kwanza.